Karani aliuliza nani amewahi kuoa, mume wangu akajibu "hakuna"

Shikamoo mama.

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 33, ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro na kazi yangu ni ushonaji. Baba wa watoto wangu ni dereva katika taasisi ya umma. Huu ni mwaka wa saba tunaishi pamoja. Alikuja kwetu kujitambulisha, akaleta mshenga, akatoa sehemu ya mahari, na baba yangu anamwita mkwe bila kusita. Ndoa ndiyo haijafungwa. Kila mwaka tulisema mwakani: mara ada ya shule, mara tofali, mara msiba, mpaka tukazoea kuishi hivyo.

Mwaka huu mambo mawili yametusukuma. Nimekutwa na uvimbe kwenye kizazi na daktari anataka nifanyiwe upasuaji. Hajasema iwe kesho, lakini natokwa damu nyingi kila mwezi, na kila nikipimwa naambiwa damu imeshuka. Ofisini kwa mume wangu walimweleza kwamba watoto wataingia kwenye bima yake kwa vyeti vyao vya kuzaliwa, ila mimi siwezi kuandikishwa kama mwenza bila cheti cha ndoa. Jambo la pili ni baba yangu. Ni mzee wa kanisa, umri umekwenda, na ameniambia waziwazi kwamba anataka kuniona nimefunga ndoa kabla hajafumba macho.

Tukakubaliana tufunge bomani kwanza, kanisani tukabariki baadaye. Tulikwenda ofisi ya wilaya kuuliza kinachotakiwa. Tukaambiwa vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, picha za pasipoti, barua za utambulisho kutoka serikali ya mtaa, halafu tujaze fomu ya taarifa ya nia ya kuoana, itangazwe siku 21, na siku yenyewe tuje na mashahidi wawili. Vyote hivyo tunavyo. Karani alikuwa mama mmoja mpole sana. Akaongeza: "Kama kati yenu kuna aliyewahi kuoa au kuolewa, niletee talaka ya mahakama au cheti cha kifo." Mume wangu akajibu palepale: "Hakuna."

Mama, yupo. Kwao ni Kahama, na kabla hatujafahamiana alioa huko kimila. Ng'ombe walitolewa, watu walikula na kucheza, wakapata mtoto wa kiume ambaye sasa yuko darasa la saba na analelewa na bibi yake. Kwa maelezo ya mume wangu, yule mwanamke aliondoka mwenyewe akarudi kwao, wazee wa pande zote wakakaa, baadhi ya ng'ombe wakarudishwa, mambo yakaisha. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Tunasikia anaishi Geita na ana mwanamume mwingine. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Hakuna karatasi ya kuoana wala ya kuachana.

Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini amejibu vile. Akasema: "Ile haikuandikwa popote, nani ataijua? Wazee walishamaliza." Anasema talaka ya mahakamani itakula muda na hela, na kaka zake yule mwanamke watapata mlango wa kudai kiwanja chetu, ambacho hata mimi nimekichangia kwa hela ya cherehani. Rafiki yake amemshauri tuombe leseni maalumu ili jina lake lisikae ubaoni siku zote 21.

Mume wangu si mtu mbaya. Hanipigi, mshahara wake nauona, na nilipolazwa mara ya mwisho ni yeye aliyenifulia nguo. Ila fomu iko kabatini. Upande wake amejaza kwamba hajawahi kuoa, na ameshasaini. Upande wangu bado uko wazi, kila nikishika kalamu mkono unakataa. Dada yangu anasema nisaini tu, kwa kuwa nimeshakuwa mke kisheria tangu nilipotimiza miezi sita naye, cheti ni kukamilisha. Mama yangu mdogo anasema nisithubutu. Nikikataa, naogopa ataona simwamini na matibabu yatachelewa. Nikisaini, naogopa siku moja mtu atagonga mlango na kila kitu kitasambaratika.

Nishauri mama.
Mama wawili, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuumwa, na pole kwa kubeba jambo hili huku damu ikipungua mwilini. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeandika kwa haki, hukumsema vibaya mume wako wala yule mwanamke wa Geita, na hilo linanipa moyo kwamba chochote utakachochagua utakichagua ukiwa umetulia.

Kama nimekuelewa, hujaniuliza kama umpende huyu bwana au umwache. Unauliza kama uweke jina lako chini ya maelezo ambayo unajua si ya kweli, ili upate cheti ambacho mwili wako, baba yako na watoto wako wanakihitaji. Mambo matatu yamefungwa fundo moja hapo: ugonjwa wako, ndoa yako, na ndoa ile ya Kahama ambayo haijamalizwa vizuri. Naomba tuyafungue moja moja.

Nianze na ugonjwa, kwa sababu ndio wenye haraka. Unaandika kana kwamba upasuaji hauwezekani mpaka cheti kipatikane. Je, mmeuliza gharama yake hospitali ya serikali, mkilipa kidogo kidogo? Mmeuliza kama wewe mwenyewe, kwa jina lako na kazi yako ya ushonaji, unaweza kujiunga na bima bila kupitia kwa mwenza? Mmemuuliza daktari kama kuna dawa za kupunguza damu wakati mkijipanga? Mkipata majibu ya maswali hayo, hata kama hayatapendeza, hutakuwa tena unasaini ndoa ukiwa na hofu ya kisu. Watu wengi wamesaini mambo mazito kwa sababu ya bili ya hospitali, na bili ilipolipwa wakabaki na saini. Halafu kumbuka kwamba bima uliyoipata kwa cheti chenye kasoro inaweza kuhojiwa nayo, na ajira ya mume wako iko humo ndani.

Sasa ndoa ya Kahama. Mume wako anasema haikuandikwa popote, kwa hiyo haipo. Ninaelewa anakotoka. Wanaume wengi na wanawake wengi wa nchi hii wameachana kwa kikao cha wazee na ng'ombe kurudi, na mioyoni mwao wamemaliza kabisa. Sidhani kwamba alipomjibu yule karani alijiona anadanganya. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaliona jambo hili kwa jicho jingine. Ndoa ya kimila ni ndoa kamili, sawa na ya kanisani, ya msikitini au ya bomani. Sheria inataka isajiliwe, lakini inasema pia kwamba kutosajiliwa hakuifanyi kuwa batili. Na ikishafungwa, inaendelea kuwepo mpaka mmoja afariki, au mahakama itamke kwamba anadhaniwa kufa, au mahakama iitangue, au mahakama itoe talaka. Kikao cha ukoo hakimo katika orodha hiyo, na ng'ombe kurudi hakumo. Wazee wanaweza kupatanisha, wanaweza kushuhudia, wanaweza hata kuwa msaada mkubwa mbele ya hakimu. Kuvunja ndoa hawana mamlaka nako.

Nasema hivi nikijua kwamba ninategemea maelezo yako, nawe unategemea maelezo yake. Inawezekana kilichofanyika Kahama hakikutimiza mila ya huko na hakikuwa ndoa. Kwa ulivyoeleza, ng'ombe kutolewa, ukoo kukusanyika, watu kula na kucheza, kina sura zote za ndoa ya kimila. Lakini wa kulipima hilo ni mtu wa sheria atakayewahoji waliokuwepo. Mimi na wewe hatuwezi, na mume wako peke yake hawezi kwa sababu jibu lina faida kwake.

Kuhusu miezi sita ya dada yako, hayo ni maneno ya mtaani, na yamewaumiza wanawake wengi waliodhani wana ulinzi. Kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinazungumzia miaka miwili au zaidi, tena kwa watu walioishi namna ambayo jamii inawatambua kuwa mume na mke. Hapo inakuwepo dhana kwamba walioana. Nayo ni dhana tu: mtu mwingine anaweza kuleta ushahidi wa kuivunja mbele ya mahakama, na kuwepo kwa mke mwingine ni miongoni mwa mambo yatakayoulizwa. Ikivunjwa, bado unaweza kuomba matunzo yako na ya watoto, na hilo si dogo. Ila dhana hiyo haikupi cheti, na husaidia zaidi pale mambo yakishaharibika.

Haya, turudi kwenye ile fomu kabatini. Nadhani hata wewe umeona kwamba maswali yake hayakuwekwa kuwasumbua maskini. Linaulizwa swali la umri, la undugu, la kama kila mmoja anaolewa au anaoa kwa hiari yake, la hali ya ndoa ya kila mmoja, na kama ndoa hii inakusudiwa kuwa ya mke mmoja au ya wake wengi. Tangazo linawekwa siku 21 ili mwenye pingamizi asikie. Watu hao ambao sheria inawatafuta ubaoni ni pamoja na wewe. Siku moja ungeweza kuwa mwanamke wa Geita, na mume wako akiwa amesimama mbele ya karani mwingine, na kitu pekee cha kukulinda kingekuwa hicho kibao cha matangazo.

Ukisaini kama ilivyo, nini kinaweza kutokea? Huenda kisitokee kitu kwa miaka mingi, sitakutisha bure. Mtapata cheti, utatibiwa, baba yako atafurahi. Lakini mwanamume ambaye bado yumo katika ndoa ya kimila hawezi kisheria kufunga ndoa ya mke mmoja na mwanamke mwingine. Ndoa ya namna hiyo ni batili tangu siku ya kwanza, hata kama imefungwa na msajili, hata kama mmepiga picha na baba yako katikati. Kutoa maelezo ya uongo katika taarifa ile ni kosa la jinai, na saini zitakuwa mbili. Leseni maalumu haibadilishi chochote hapa: Msajili Mkuu anaweza kusamehe siku za kungoja, hawezi kumfanya mtu mwenye mke awe hana. Na mlango unaouogopa mara nyingi hugongwa siku ya msiba. Mume akifariki, ndipo ndugu wanapokumbuka ng'ombe, ndipo mama wa mtoto mkubwa anapoletwa na kaka zake, na swali la nani mjane linaamuliwa wewe ukiwa bado na kanga ya matanga. Watoto wako hawatapoteza haki zao kwa baba yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto bila kuangalia wazazi wake walioanaje. Wewe ndiye utakayebaki unaeleza.

Njia ya pili ni kupata talaka kwanza. Mume wako anaiogopa, na nadhani sehemu ya hofu yake inatokana na kutoijua. Shauri la talaka halilazimiki kwenda mbali wala kuwa na wakili wa gharama kubwa. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kulisikiliza, sawa na Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Kinachotangulia ni baraza la usuluhishi la ndoa, kwa mfano baraza la kata, ambalo huwaita wote wawili, na likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kusema hivyo. Hati hiyo ndiyo inayoambatana na maombi, na isiwe imepita miezi sita. Kama mmoja amemtelekeza mwenzake na hajulikani aliko, sheria inaruhusu kwenda mahakamani bila kupita barazani. Hakimu atataka kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi ni moja ya mambo anayoweza kuyaangalia kama ushahidi. Wao wana miaka tisa. Wale wazee waliopokea ng'ombe wangefaa sana kuwa mashahidi.

Itachukua muda, ndiyo, na siwezi kukuahidi ni miezi mingapi. Hofu ya kiwanja nayo ni ya kweli kiasi, kwa sababu mahakama inapotoa talaka ina uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Lakini liangalie vizuri neno hilo la juhudi. Kiwanja mmekinunua Morogoro, miaka kadhaa baada ya wao kutengana, kwa mshahara wake na cherehani yako. Yule mwanamke angepaswa kuonyesha alichangia nini humo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, hata kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango, na huenda naye ana mchango wake katika vitu walivyochuma huko Kahama wakati ule. Kama upo, je, si haki yake? Nakuuliza kwa upole, maana katika barua yako hofu ya kiwanja ni ya kwenu nyote wawili. Na wewe, jina lako limo kwenye mkataba wa kununua kiwanja? Risiti za ulichochangia unazo? Hayo hayangoji cheti cha ndoa, na yatakusaidia katika njia yoyote utakayoifuata.

Ipo njia ya tatu ambayo huenda hamkuifikiria, au mliifikiria mkaikwepa. Ndoa ya kimila huhesabiwa kuwa ya wake wengi. Kwa hiyo kisheria mume wako anaweza kukuoa wewe bila talaka, ikiwa mtasema ukweli kwamba mnafunga ndoa ya wake wengi na kulitaja jina la mke aliyepo. Yule mke ana haki ya kuweka pingamizi, kwa mfano akiona kwamba kipato cha mume hakitoshi na yeye na mtoto wake wataumia. Akinyamaza au pingamizi likikataliwa, ndoa yenu inakuwa halali. Na baadaye, kama ndoa ya kwanza itavunjwa mahakamani na mume akabaki na wewe peke yako, sheria inawaruhusu ninyi wawili, kila mmoja kwa hiari yake, kwenda mbele ya hakimu na kutamka kwamba mnaigeuza iwe ya mke mmoja.

Kwa karatasi, njia hii ni safi. Kwa maisha yako sijui. Wewe ni binti wa mzee wa kanisa, na kanisa lenu huenda lisibariki ndoa iliyoandikwa hivyo. Baba yako atasikia binti yake ameandikishwa mke wa pili, na wewe utaishi na maandishi hayo angalau kwa muda. Kuna wanawake wanaoweza kulibeba hilo na kuna wasioweza, wala simlaumu yeyote kati yao. Ila naona lina manufaa hata kulitamka tu mezani, kwa sababu mtakapolizungumza mume wako atalazimika kumtaja yule mwanamke kwa jina lake.

Na baba yako, mwanangu, umemuuliza anachotaka hasa? Umedhani anataka cheti mwaka huu. Mzee wa kanisa aliyekaa kwenye mabaraza mengi ya wanandoa pengine ana hekima kuliko unavyomwogopea. Angeambiwa, "Baba, kuna jambo la nyuma mkwe wako anataka kulimaliza kwa haki kabla hajaniweka mbele ya madhabahu," huenda angesubiri bila manung'uniko. Huenda pia akakasirika. Wewe ndiye unayemjua. Nimeliuliza tu kwa sababu sioni mahali katika barua yako ambapo amepewa nafasi ya kuchagua kati ya ndoa ya haraka na ndoa isiyo na shaka.

Unasema ukikataa kusaini ataona humwamini. Ninaona kuna namna ya kulisema hilo bila kumwita mwongo. Msubiri apumzike, asiwe ametoka safari, umwambie kwamba unataka kuwa mke wake namna ambayo hakuna atakayekuja kukunyang'anya, na kwamba fomu ile kama ilivyo haikupi hilo. Mwambie unaogopa kwa ajili yake pia, na kwa ajili ya kazi yake. Halafu msikilize. Kuna mambo ya kuyasikia kwa makini. Akizungumzia gharama na muda, hizo ni shida zenye ufumbuzi. Akizungumzia aibu ya kurudi Kahama na kukaa tena na wazee wale, hilo linahitaji uvumilivu wako. Lakini kama kila njia ina sababu ya kutowezekana, basi pengine kuna sehemu ya habari ile ambayo hujaambiwa bado. Sisemi ipo. Nasema una haki ya kuijua kabla ya kuandika jina lako.

Kuna mtu mmoja ambaye ninyi nyote mmezungumza habari zake, na hakuna aliyezungumza naye. Mnasikia yuko Geita. Mnasikia ana mwanamume. Unaambiwa aliondoka mwenyewe. Labda ni kweli yote. Basi fikiria hali yake: kisheria, mwanamke aliye katika ndoa hawezi kuolewa na mwingine, hivyo kama ana mwenzake huko, naye amekwama kama mlivyokwama ninyi. Huenda na yeye ameulizwa talaka na karani fulani. Talaka ya mahakama ingewafungua wote wawili, na mtu anayefunguliwa mara nyingi haji na kaka zake kudai kiwanja. Au huenda hajui kabisa kwamba mume wake wa zamani anataka kufunga ndoa, na anangoja kitu ambacho hakuna aliyemwambia kwamba kimeisha. Vyovyote, kauli yake itabadilisha hesabu zenu zaidi ya ushauri wangu.

Mama mkwe wako ndiye anayemlea mtoto wao, kwa hiyo namba ya simu ya yule mama haiwezi kuwa mbali. Simu hiyo apige mume wako, si wewe, na kama mnaogopa maneno kugeuka, mzee mmoja wa kila upande awepo. Hata yule kijana wa darasa la saba anastahili kujua wazazi wake wamesimama wapi; umemtaja mara moja tu, nami nimemwaza tangu nilipomaliza kusoma.

Kabla ya hapo, au sambamba na hapo, mtafute mtu wa sheria mmweleze yote mkiwa pamoja. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na serikali, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kuwaelekeza waliko. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, nacho huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili. Nenda na mkataba wa kiwanja, risiti ulizonazo, vyeti vya watoto, majina ya wazee waliokaa kikao kile na mwaka walipokaa, pamoja na hiyo fomu. Mume wako akikataa kwenda, nenda peke yako. Maswali yako yanatosha kukaa kiti kimoja.

Fomu inaweza kuendelea kukaa kabatini, haiozi. Miadi ya daktari isikae. Ukipata jibu la gharama za hospitali, au la kutoka Geita, niandikie tena, tuangalie mbele kutokea hapo.